Biskuti Bila Nafaka, Makaa Juu ya Kifuniko

Jioni hii nazungumzia biskuti. Biskuti za kupika nyumbani, ambazo ndani yake hamna ngano, hamna mahindi, hamna mchele wala mtama.

Naanza kwa kumjibu yule ambaye tayari ameguna. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilikaukiwa na fedha mpaka mgao wa wakimbizi hapa Kenya ukashuka hadi asilimia 28 ya kiwango kamili. Zile pesa za Bamba Chakula, za kununulia chakula kwa simu, tulizozizoea hapa kambini Dadaab tangu 2016, nazo zikasimama. Nyumba iliyokuwa ikila mara mbili ikala mara moja. Halafu mtu anakaa mbele ya maikrofoni kufundisha biskuti?

Guno hilo ni la haki, na sitalipita kimya. Huko Ulaya na Marekani, biskuti isiyo na nafaka ni shughuli ya mtu aliyeshiba. Ngano anayo, mchele anao, ila ameamua kuviacha ili kiuno kipungue, basi ananunua unga wa lozi kwa bei ya nyama. Huyo tumwache na kiuno chake. Mimi nataka tuanzie kwenye gunia la mgao.

Ndani ya mgao, tangu kambi ya Ifo ifunguliwe mwaka 1991 na Hagadera na Dagahaley zifuate 1992, nafaka ndiyo iliyotawala. Mwaka mmoja unga wa ngano, mwaka mwingine mahindi, kisha mtama, kisha mchele. Na kila nafaka ina mashabiki na maadui. Unga wa ngano unapendwa kwa sababu ya canjeero, ule mkate mwembamba wa Kisomali, na chapati; mtama mwingi huishia kuuzwa sokoni, tena mara nyingine mnunuzi ni mtu wa mifugo. Lakini kando ya nafaka kumekuwa na kitu kingine ambacho hakijaimbiwa na yeyote: njegere kavu za njano, zile zilizopasuliwa. Muulize habaryar, mama mdogo yeyote, aliyepanga foleni ya mgao. Zinachukua muda mrefu kuiva, zinakula kuni, na zikiiva watoto wanazisukuma ukingoni mwa sahani. Katika nyumba nyingi zinakaa kwenye mfuko pembeni mpaka ziuzwe kwa hasara au zitobolewe na wadudu.

Ukiniuliza mimi, biskuti bila nafaka ya Dadaab inaanzia kwenye mfuko huo. Njegere ni kunde yenye protini, ukiikaanga kavu na kuisaga inatoa unga laini wenye harufu ya njugu, na unga huo unakubali mafuta na hiliki kama vile ulizaliwa navyo.

Wala si mzaha wa jikoni nilioutunga. Iran, katika mji wa Qazvin, wana biskuti mashuhuri ya unga wa dengu zilizokaangwa, ndogo mithili ya kifungo cha koti, iliyotiwa hiliki, isiyo na chembe ya ngano. Inaokwa zaidi wakati wa Mwaka Mpya wao wa Nowruz. Waethiopia wa Kiorthodoksi, ambao wengine wao tunaishi nao hapa Ifo, wana unga wa dengu wanaoukanda, wakaukata kwa umbo la samaki na kuukaanga katika mfungo, siku ambazo nyama haingii nyumbani. Na sisi wenyewe, Pwani na Usomali, tuna kashata, ile ambayo Wasomali wanaiita gashaato: nazi na sukari, hiliki, basi. Tuna kashata za karanga. Tuna vidonge vya ufuta vinavyouzwa barabarani kuanzia Mwingi mpaka Garissa. Vyote hivyo havina nafaka na hakuna aliyewahi kuvitangaza kwa sababu hiyo.

Lakini tuwe wakweli, vitamu vyetu vingi vya sherehe ni vya nafaka. Shushumow ya Idi ni ngano. Visheti ni ngano. Buskut anayooka abaayo, dada yetu, kwa mkesha wa Idi, ile inayotolewa na shaah, yaani chai, kwa wageni, ni ngano na siagi. Vileja vya Unguja ni unga wa mchele: havina ngano, sawa, lakini mchele ni nafaka. Halwa inashikana kwa wanga, na mara nyingi wanga huo ni wa mahindi. Kwa hiyo anayetaka kukwepa nafaka kabisa siku ya Idi atabaki na kashata na kikombe chake cha chai, labda na tende.

Sasa tuingie jikoni. Na jiko lenyewe ndilo hadithi, kwa sababu mapishi mengi ya biskuti yanaanza na neno oveni, na hapo msikilizaji wangu wa Dagahaley anazima redio.

Oveni tunayo. Mtu wa Pwani anayepika mkate wa kumimina anaijua: sufuria au sinia juu ya jiko, kifuniko cha bati, makaa chini na makaa juu. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, kwa sababu wa chini unaunguza na wa juu unapamba rangi. Kwa biskuti, tumia sufuria kubwa nzito. Mwaga ndani yake mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili. Mchanga, alhamdulillahi, Dadaab hatununui. Funika, weka kwenye burjiko, yaani jiko la makaa, mpaka mchanga ushike moto, kama dakika kumi na tano hivi. Juu ya mchanga weka vijiwe vitatu, na juu ya vijiwe sinia ndogo yenye biskuti. Rudisha kifuniko, palia makaa juu. Hapo una oveni ambayo haijali umeme wa jenereta umekatika saa ngapi.

Ushauri wangu ni huu: usiwashe moto kwa ajili ya biskuti peke yake. Oka kwa makaa yaliyobaki baada ya chakula cha jioni. Nasema hivi kwa sababu kuni hapa zina historia chungu. Mwaka 1998 UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilianza mradi wa kugawa kuni Dadaab, kwa kuwa akina mama na wasichana walikuwa wakibakwa porini walikokwenda kuokota. Mradi ule haukuwahi kutosheleza mahitaji ya nyumba, na miaka yote iliyofuata miti imezidi kusogea mbali na kambi. Mapishi yoyote yanayomrudisha binti porini kwa sababu ya kitafunio ni mapishi mabaya, hata yawe na vitamini zote za duniani.

Basi unga. Chambua njegere kavu, ondoa mawe. Osha upesi, anika juani mpaka zikauke kabisa. Kwa jua la huku ni kazi ya nusu siku. Kisha zikaange kavu kwenye sufuria, moto wa kiasi, ukikoroga bila kuacha, mpaka rangi ipande kidogo kuelekea dhahabu na harufu ya njugu ijae nyumba. Hatua hii usiiruke. Kunde mbichi iliyosagwa ina ladha ya majani machungu na inasokota tumbo. Zikipoa, zipeleke mashine ya kusaga, kisha chekecha kwa kichungio chembamba. Chenga zinazobaki zitie kwenye supu.

Kama njegere hukupata, nunua unga wa dengu, ule wa bajia, upo katika maduka mengi ya Garissa na katika soko la Hagadera. Huo nao ukaange kidogo kwenye sufuria kavu, dakika tano, sita, mpaka harufu ibadilike.

Vikombe viwili vya unga huo. Kijiko kimoja cha chai cha hiliki iliyotwangwa. Chumvi, chembe tu. Sukari, robo kikombe. Ukiona mapishi mengine yanasema robo tatu, wewe shika robo, sababu nitaieleza. Halafu mafuta: nusu kikombe, ongeza kidogokidogo mpaka unga ukifumbatwa mkononi ushikane na ukiachiliwa usimomonyoke. Mafuta ya mgao yanafaa, tena yametiwa vitamini A. Ukiwa na subag, yaani samli, hapo biskuti imefika mjini. Usitie maji. Maji yanaifanya ngumu kama kigae. Funika unga uliokandwa, uache upumzike saa moja au hata usiku kucha, ujishike vizuri. Kisha uusukume mpaka unene wa kidole, ukate kwa kifuniko cha chupa, au uviringe vidonge na kuvibonyeza kwa uma.

Oka mpaka chini kuwe na rangi. Kwa makaa yaliyotulia ni dakika kumi na tano hadi ishirini, lakini mimi naiamini pua kuliko saa. Na usiziguse zikiwa moto. Biskuti ya njegere au ya dengu ikitoka ni laini na inavunjika ukiitazama tu. Ikipoa inajikaza, na ukiila inayeyuka mdomoni. Zikae kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, zitafika wiki mbili. Vumbi letu ndilo adui yake mkubwa, kuliko unyevu.

Ya pili ni ya karanga na tende, na hii inatakiwa mfuko uwe na kitu kidogo, kwa sababu karanga si za mgao. Kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa mpaka zitoe mafuta. Nusu kikombe cha tende zilizotolewa kokwa, zikarowekwa katika maji moto kidogo na kupondwa. Yai moja. Changanya, dondosha kwa kijiko, oka dakika kumi. Huna yai? Ongeza kijiko kimoja cha ufuta uliosagwa na usiiguse mpaka ipoe kabisa. Wakati wa Ramadhani, tende za msaada zinapofika kutoka nchi za Ghuba, hii ndiyo biskuti ya kufuturia: mbili na glasi ya maziwa ya ngamia, na mtu anaweza kusimama Taraweh.

Nisimame kwenye karanga, maana hapa kuna jambo la kufa na kupona. Mwaka 2004, Ukambani, hasa Makueni na Kitui, mahindi yaliyoota ukungu yaliwatia watu sumu ya aflatoksini: wagonjwa 317 walioandikishwa, na 125 kati yao wakafa. Sumu ileile inapenda karanga. Haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuoka. Moto wa jiko hauiwezi. Wauzaji wengine wanachukua karanga zilizooza, wanazikaanga kwa chumvi nyingi, na ulimi haujui. Kwa hiyo nunua karanga mbichi, uzichambue mwenyewe mchana kweupe. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, yenye vumbi la kijani au jeusi, yenye ladha chungu, itupe. Na usimtupie kuku, kwa sababu sumu inapita kwenye yai na kurudi mezani kwako.

Sasa tuje kwenye afya. Watu wanasema biskuti bila nafaka ni ya afya. Mimi nasema nusu yake ni kweli, na nusu nyingine ni biashara.

Nafaka haina kosa la kufukuziwa nyumbani. Wapo watu wachache ambao utumbo wao hauivumilii gluteni, ile protini ya ngano na shayiri. Hao ngano inawadhuru kweli, nao wanahitaji daktari. Lakini hata wao hawana ugomvi na mahindi, mchele wala mtama, ambavyo gluteni havina. Kwa sisi wengine, ukimtoa ngano na kumwacha sukari umemfukuza mgeni na kumbakisha mwizi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu zote mtu anazokula kwa siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Hiyo nusu, kwa mtu mzima, ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Sasa hebu tuhesabu shaah. Asubuhi glasi moja, saa nne nyingine, alasiri ya tatu, na kila glasi vijiko vitatu kwa mkono wa mtu mwenye huruma. Umefika tisa, na hujala hata biskuti moja. Ndiyo sababu nimesema robo kikombe badala ya robo tatu. Nilivyozipika mimi kwa robo, hakuna aliyelalamika, ila mzee mmoja aliyechovya kwenye chai kisha akaongeza sukari kwenye chai. Huyo tulimshinda na yeye akatushinda.

Kwa mgonjwa wa kisukari, biskuti ya dengu ina faida moja ya kweli: kunde zinapandisha sukari ya damu polepole kuliko unga mweupe wa ngano. Hiyo inajulikana na madaktari wanaisema. Lakini eeddo, shangazi yangu, tafadhali, usije ukasikia redio imesema kisukari ni ruhusa kula biskuti ukala sinia nzima. Mbili, na chai isiyo na sukari. Na zile za tende uzitazame kwa jicho kali, kwa maana zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari. Ina nyuzinyuzi, ina madini, Mtume alifuturu nayo, lakini kipima damu hakijui baraka, kinahesabu.

Hayo yote ni kwa mtu mzima aliyenenepa au mwenye maradhi. Mtoto mwembamba ni mlango mwingine kabisa, na hapa ndipo namrudia yule aliyeguna mwanzo.

Mtoto mwembamba hahitaji chakula cha kupunguza chochote. Anahitaji mafuta, protini na nguvu katika tonge dogo, kwa sababu tumbo lake ni dogo. Na tazama ajabu: chakula kilichookoa watoto wengi hapa Dadaab, kile cha pakiti ambacho kila mama anakijua kwa jina la Plumpy'Nut, hakina unga wa nafaka. Ni karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta ya mimea, na vitamini na madini. Pakiti moja ni gramu 92 na inatoa kalori 500. Kiligunduliwa Ufaransa miaka ya 1990 na daktari André Briend pamoja na Michel Lescanne wa kiwanda cha Nutriset. Mwaka 2011, njaa ilipotangazwa rasmi kusini mwa Somalia tarehe 20 Julai, na watu wakawa wanaingia hapa kwa maelfu wakitembea kutoka upande wa Liboi, mpakani, kambi zilizokusudiwa watu 90,000 zikakaribia nusu milioni, pakiti hizo ndizo zilizosimama kati ya watoto wengi na kaburi. Siri yake mojawapo ni kwamba haitiwi maji, kwa hiyo haiozi upesi wala haichafuki kwa maji machafu.

Sasa wapo wanaouza pakiti hizo sokoni, na wapo wanaozitia kwenye unga wa mandazi. Mama, ile ni dawa. Imepimwa kwa kilo za mtoto mmoja. Ukiila wewe au ukaigawa kwa watoto watano, aliyeandikiwa hatapona na wale wanne hawatashiba. Usioke nayo biskuti.

Lakini mtoto aliyemaliza matibabu, aliyerudi nyumbani, amefika mwaka na nusu, miwili, huyo biskuti ya dengu yenye mafuta ya kutosha na ile ya karanga zinamfaa kuliko pakiti ya biskuti tamu ya dukani ambayo ni ngano, sukari na harufu. Ivunje, ichanganye na maziwa, iwe uji mzito. Hapo mapishi yanakuwa na maana hata katika mwezi wa mgao mdogo: mfuko wa njegere zilizokataliwa umegeuka kitu ambacho mtoto anakiomba mwenyewe. Mawili ya kuangalia. Asali usimpe mtoto chini ya mwaka mmoja, hata ndani ya biskuti. Na karanga nzima usimpe mtoto mdogo, zinamkaba, ziwe zimesagwa.

Sitaki kusema kwamba biskuti zitaziba pengo la mgao. Haziwezi. Pengo hilo linazibwa na fedha, na fedha hizo ziko mbali na burjiko lako.

Kuna jambo la mwisho ambalo vijana wananiuliza sana, nalo ni mathenge. Ule mti wa miiba uliojaa kando ya Tana, Garissa, Bura, na mpaka hapa mlangoni kwetu. Kenya uliletwa mwaka 1973, ukapandwa Bamburi, Mombasa, kufufua machimbo ya kiwanda cha saruji. Miaka ya 1980 ukapandwa kwenye miradi ya umwagiliaji ya Bura na Hola, ukatoroka, na hadi leo hakuna aliyeukamata. Maganda yake yakiiva ni ya manjano na ni matamu. Watoto wachunga mbuzi wanayajua. Swali ni kama yanaweza kusagwa yakawa unga wa biskuti.

Yanaweza. Huko kaskazini-magharibi ya Argentina wana mkate mdogo mtamu, patay, unaotengenezwa kwa unga wa maganda ya ndugu wa mathenge peke yake, bila nafaka, na ni chakula cha wenyeji tangu kabla Mhispania hajafika. Watafiti wa KEFRI, taasisi yetu ya utafiti wa misitu, wakishirikiana na wenzao wa nje, walichapisha mwaka 2007 kazi yao juu ya maganda ya mathenge kama chakula cha binadamu hapa Kenya. Kwa hiyo wazo hilo limepita mikononi mwa wasomi.

Hata hivyo, mimi nasita. Mwaka 2006 wakazi wa Ng'ambo, Baringo, walipoishtaki serikali kwa ajili ya mti huu, walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda hayo. Watu wakacheka, lakini meno hayakuwapo. Ni kweli mbuzi anayala maganda kwa wingi, na wewe unasema kijiko kwenye biskuti. Lakini maganda ya kuokota chini yana ukungu, na tumeshazungumza juu ya ukungu. Kama lazima ujaribu, chuma mtini yaliyoiva, yaoshe, yakaushe mpaka yavunjike kwa sauti, yasage, yachekeche mbegu zitoke, na uyatie kijiko kimoja au viwili badala ya sukari. Unga wako mkuu ubaki dengu au njegere. Zaidi ya hapo, nangoja watu wa KEFRI waje hapa Dadaab watufundishe kwa mikono.

Nimalizie kwa ombi, na ombi langu ni kwa wenye mashine za kusaga wa Hagadera, Ifo na Dagahaley. Mama akija na kilo mbili za njegere zilizokaangwa mnamrudisha, mnasema ni kidogo, zitachafua unga wa mahindi. Wengine mnamsagia juu ya mabaki ya ngano, na yule ambaye ngano inamdhuru anapata ngano asiyoijua. Tengeni asubuhi moja kwa wiki, siku yoyote mtakayokubaliana, mashine ifagiliwe, isage njegere na dengu peke yake, na kila mtu aje na mfuko wake hata uwe mdogo. Mtangaze siku hiyo msikitini na kwenye foleni ya mgao. Na mkituletea tangazo hapa studioni, tutalisoma bure.